Sauti ya Mpiga Mbiu

Treni ilisimama katika mji ambao haukuwamo kwenye safari yangu. Niliamka shingo imekakamaa, shavu limechapwa mistari ya kiti, nikasikia sauti ya mwanamke ikitoka kwenye vipaza sauti vya stesheni. Ilikuwa sauti nzuri kupita kiasi: nyororo, ya chini kidogo, isiyo na haraka, kama ya mtu anayekupa habari mbaya huku amekushika mkono. Ilisema treni imewasili jukwaa la pili, na abiria waangalie pengo kati ya behewa na jukwaa. Kisha kikasikika kitu kama mlango kufunguliwa, na sauti nyingine ikaingia. Hii ilikwaruza kama kiatu juu ya kokoto.

“Ndugu abiria,” ilisema, ikakohoa, ikaanza upya. “Daraja la mbele limeng'olewa na maji. Treni haiendi mbele leo. Wala kesho.”

Nimelala kwenye stesheni za nchi nyingi, nikiongozwa na matangazo ya lugha ambazo siwezi hata kuziombea maji ya kunywa, na masikio yangu yamezoea kutambua watu kwa sauti tu. Nilijiambia ni wanawake wawili: msichana na bibi kizee mvuta sigara.

Nilipokwenda kuuliza pa kulala nilimkuta mmoja. Alikaa kwenye chumba cha kioo, mbele ya kipaza sauti chenye shingo ya chuma, na pembeni yake chupa ya maji ya moto. Umri wake ulikuwa wa kati. Joto lilikuwa kali, lakini alijifunga kitambaa shingoni, mizunguko miwili.

“Ile nzuri ni mimi, na hii mbaya ni mimi,” aliniambia, maana alikuwa ameona ninavyotafuta mwingine kwa macho. “Ile waliirekodi nilipokuwa msichana. Neno moja moja: namba, saa, majina ya vituo. Mashine inayaunga yenyewe. Yasiyomo kwenye mashine nayasema kwa kinywa changu.”

“Na daraja kung'oka halimo?”

“Nani angerekodi msiba kabla haujafika?”

Alisema hivyo kwa mzaha, kisha akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akanielekeza kwa kaka yake, mwenye nyumba ya wageni nyuma ya stesheni. Nilipofika mlangoni akaniita. “Mezani kwake usiweke vyombo. Utaambiwa sababu.”

Watu wa mji ule walimwita Kinanda, kwa ajili ya sauti. Jina lilibaki hata baada ya sauti kuanza kuondoka.

Nyumba ya kaka yake ilikuwa ya ghorofa mbili, yenye ngazi ya saruji na funguo zilizofungwa kwenye vipande vya mti ili wageni wasiondoke nazo. Kaka mtu alikuwa mnene, mpole, mikono imechubuliwa na sabuni, kwa sababu mashuka aliyafua mwenyewe. Aliniletea chai kwenye chumba cha kulia. Nilipotaka kuweka kikombe juu ya meza ndefu akanidaka mkono.

“Usiweke hapo, mgeni. Hapo ni bahari.”

Meza ilikuwa imetandikwa shuka, na shuka limechorwa nchi nzima kwa wino wa rangi: milima, mito, vivuko, miji yenye kuta. Pale nafasi ilipokwisha, nchi ilikuwa imeongezewa viraka: foronya, kipande cha pazia, upande wa gunia la unga ambao maandishi yake yalikuwa yamegeuzwa jangwa. Rangi za katikati zilikuwa zimepauka kwa miaka ya viwiko. Lakini upande mmoja kulikuwa na doa la kijivu. Lilianzia pindoni, likatambaa likimeza vijiji kimoja kimoja, na sasa lilikuwa limebakiza kipande kidogo cha nchi, kipana kama sahani.

“Na hili?”

“Huo ni Ukimya,” alisema, akalizunguka lile doa kwa mbali na kitambaa chake cha kufutia, bila kuligusa.

Nilikuwa nimeona michezo ya aina hii mahali pengine. Marafiki wanakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake aliyemtunga, na mmoja wao, msimulizi, anawaambia wako wapi na wanaona nini. Wenyewe wanasema wanafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Hadithi inakwenda wiki hadi wiki. Kwa kawaida michezo hii hufa mapema: mmoja anaoa, mwingine anahama, wa tatu anagombana na wa nne kwa sababu ya upanga ambao haupo. Huu ulikuwa umeanza wote wakiwa vijana, na sasa walikuwa na mvi. Kinanda ndiye msimulizi. Wachezaji walikuwa wanne. Mmoja alihamia ng'ambo, na mtu wake, aliyeitwa Mshika Taa, hakuuawa wala kufukuzwa. Walimlaza kwenye mkokoteni, wakawa wanamvuta kila waendako, amelala, taa yake kifuani.

“Kwa nini msimwache njiani?” niliuliza.

“Mtu humwachi njiani,” alisema kaka mtu, kana kwamba nimeuliza kuhusu ndugu wa damu. Kisha, akikunja kitambaa chake mara nyingi kuliko kinavyokunjika: “Jumatatu nampeleka hospitali kubwa, huko mlikotoka. Watamtoa kisanduku cha sauti. Daktari anasema kikibaki, hatuna dada. Kikitoka, labda tunaye. Ila kusema, basi.”

“Na hadithi?”

Alikuwa anaangalia kile kipande kisichomezwa. Katikati yake palichorwa mlango.

Siku hizi walikuwa wanacheza Jumamosi na Jumapili, mchana baada ya wageni kula. Jumamosi hiyo nilikaa pembeni. Mfamasia alifika wa kwanza, mwanamke mrefu mwenye koti lenye harufu ya duka lake, akampimia Kinanda kijiko cha asali na kusimama juu yake hadi akimeze. Mtu wake katika mchezo alikuwa Mchunga Nyuki. Kisha mtaa mzima ukajua kwamba Cheche anakuja, kwa sababu alianza kuzungumza akiwa bado nje.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kope zake zilikuwa zimeungua zamani, hazikurudi, na mdomo wake haukuwa na breki. Mtu wake alikuwa Mpiga Mbiu, anayetangulia mbele ya wenzake na kutangaza kwa baragumu kwamba wanafika. Alinisalimia, akaniuliza nitokako, akanijibia mwenyewe, akakaa.

“Huyu,” mfamasia aliniambia, “aliwahi kumtukana mfalme kabla Kinanda hajamaliza kusema kwamba yule ni mfalme.”

“Alikuwa amevaa kandambili.”

“Na aliwahi kumposa mjane wa kivukoni kwa utani, ndani ya mchezo. Limesemwa. Mpaka leo ana mama mkwe huko, anamfuata kila mji.”

“Mama mkwe wangu wa mezani ni bora kuliko wa nyumbani,” alisema Cheche. “Huyu akisema sana, narusha dadu.”

Hapo ndipo nilipoielewa sheria yao. Mtu akisema kwamba mtu wake anafanya jambo, Kinanda anagonga meza kwa kifundo cha kidole na kusema, Limesemwa. Baada ya hapo jambo limekwisha kutendeka. Hakuna “nilikuwa natania”, hakuna “ngoja kwanza”. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa kuwa sheria hiyo haikuvunjwa hata mara moja, walikuwa wameishika kwa hofu ambayo nimeiona zaidi kwenye nyumba za ibada kuliko kwenye michezo.

Kinanda alifungua kitambaa shingoni kidogo, akaanza.

“Mko mbele ya mlango. Nyuma yenu hakuna nchi tena. Moto wenu unawaka lakini kuni hazilii. Nyuki wanapiga mabawa ndani ya mzinga na hamsikii kitu. Mnafanya nini?”

“Mlinzi wangu anapika uji,” alisema kaka yake.

“Ulipika uji wiki iliyopita.”

“Umeliwa.”

“Cheche?”

“Nashona viatu.”

“Vya nani?”

“Vya kila mtu. Safari ni ndefu.”

“Safari imefika, Cheche. Mlango uko mbele yako.”

“Ndiyo maana nashona. Utaingiaje kwa watu na kiatu kimeachama?”

Mfamasia akasema anahamishia nyuki wake kivulini. Kinanda akagonga meza kwa kila jambo. Uji ukapikwa, viatu vikashonwa. Akaeleza jinsi Ukimya ulivyosogea tena: maji ya mtoni yalipita bila mlio, na Mlinzi alipoangusha mwiko juu ya jiwe aliuona ukianguka kama manyoya. Alisimulia vizuri mno. Sauti ile mbovu, ikikwama na kunasuka, ilinisimamisha nywele za mikono. Kisha akauliza tena wanafanya nini, na kaka yake akasema Mlinzi anaosha sufuria.

“Subira huvuta heri, dada,” alisema Cheche.

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo,” alijibu Kinanda, na neno la mwisho likavunjika katikati.

Nilikuwa nimeanza kuona kinachoendelea. Wale watatu waligoma kuufungua mlango, na walikuwa wamegoma kwa wiki nyingi. Hawakuwa wamekubaliana kwa maneno. Walikuwa wanapika tu. Na kila sufuria ya uji ilikuwa inamla Kinanda sentensi kumi ambazo hakuwa nazo.

Kabla ya kuachana aliniangalia. “Mgeni, unaweza kushika taa?”

“Dada,” alisema kaka yake.

“Nani atamwamsha aliyelala, kama si mgeni?” Akagonga meza. “Mshika Taa anafumbua macho. Limesemwa.”

Jioni kaka yake alinikuta nikianua nguo zangu uani. Alishika upande wa pili wa shuka kama ambaye hawezi kusema jambo akiwa mikono mitupu.

“Usiufungue,” alisema.

“Kwa nini?”

“Hadithi ikiisha, hana cha kumrudisha.” Tulikunja shuka mara moja, tukakaribiana. “Na kuna lingine. Zamani, akiwa mzima kabisa, alituambia habari ya kijiji ambacho majogoo hawawiki. Tukacheka. Akachora doa dogo pindoni, la ukubwa wa kidole gumba. Mwaka uliofuata akaanza kukohoa. Doa likikua, na yeye anakauka. Doa likikua, na yeye anakauka. Maneno huumba, mgeni. Sasa unataka tukafungue mlango ambao nyuma yake ndipo kitu hicho kinapokaa?”

Nilitaka kumwambia kwamba mtu akiumwa koo bila kujua huenda akatunga hadithi ya ukimya, kwamba mwili hutangulia kujua. Lakini hilo nalo, nilipolifikiria, halikuwa la kumpa mtu usingizi.

Jumapili asubuhi nilipita stesheni kuulizia daraja. Kwenye vipaza sauti yule msichana wa zamani alikuwa akitangaza treni ya mizigo, shwari, bila kikohozi. Chini yake, ndani ya kioo, mwenye sauti alikaa akimeza maji ya moto huku akijisikiliza.

“Kaka kakuomba usiufungue,” alinong'ona.

“Amekwambia?”

“Yule akiwa na siri, hukunja nguo za watu.” Akapumzika. “Wanadhani wananishika nisiende. Wananipenda, najua. Lakini nimebakiza maneno machache, nimeyawekea akiba, na wao wananikamulia uji. Nikitoka huko hospitali sitaweza kusema hata ‘basi’. Nitabaki msimulizi aliyewaacha watu mlangoni. Sitaki mwisho wangu usemwe na mtu mwingine. Wala na mashine.”

“Mwisho wenyewe ukoje?”

Aliangalia kipaza sauti, kuhakikisha kimezimwa.

“Ni mzuri,” alisema. “Una makelele.” Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu kwa meno.

Mchana ule mvua ilikuwa inajikusanya na chumba cha kulia kilikuwa na mwanga wa kijivu, rangi ileile ya doa. Kaka yake alikuwa amewasha taa mapema. Cheche alikuja na kipande cha chuma alichokichomelea kikawa kengele ndogo, ya kumpa Kinanda aende nayo hospitali. “Ukitaka maji, ipige. Ukimtaka kaka, ipige mara mbili. Ukinitaka mimi, itupe dirishani, nitasikia.”

“Wewe husikii,” alisema mfamasia. “Unasikia wapi na mdomo wazi?”

“Nasikia kwa mdomo, kama kambare.”

Walicheka, hata Kinanda, na kicheko kikamgeuka kuwa kikohozi, na kikohozi kikaendelea hadi mfamasia akainuka. Kilipotulia, Kinanda aliweka viganja vyake juu ya shuka na kuanza.

“Mko mbele ya mlango. Taa ya Mshika Taa ndiyo nuru pekee. Ukimya umefika kwenye visigino vyenu. Mna...”

Midomo iliendelea. Sauti haikuwepo. Alisimama, akameza, akajaribu tena, na tukaona neno likiundwa kinywani mwake bila kutoka. Nje tone la kwanza la mvua lilipiga bati. Kaka yake alikuwa ameanza kusema kitu juu ya kuni, akaacha. Nilimwona akiliangalia lile doa la kijivu, kisha koo la dada yake, kisha mwiko wa mbao alioushika tangu jikoni bila kujua. Akauweka chini.

“Mlinzi wangu anauacha uji,” alisema. “Mlinzi wangu anaufungua mlango.”

Mfamasia alifumba macho. Kinanda alimtazama kaka yake, akagonga meza. Neno lenyewe hakulisema, alilihifadhi.

Maji ya moto yaliletwa. Sauti ikarudi, lakini sasa ilikuwa mnong'ono, na ilitubidi wote tuinamie meza hadi vichwa vikagusana.

“Ni chumba cha mviringo,” alisimulia. “Hakina dirisha. Katikati kuna kigoda, na juu ya kigoda hakuna mtu. Mshika Taa, inua taa yako.”

“Nainua.”

“Mwali wa taa unapinda. Unaelekea kwenye kigoda, kama pale pana anayevuta pumzi. Anavuta. Hatoi. Anavuta tu. Hasemi, kwa sababu hana cha kusemea, lakini wote mnaelewa anachotaka. Anataka sauti moja. Akipewa moja ataondoka, na nchi itasikia tena. Anawaangalia mmoja mmoja. Anangoja. Na ninyi, mkiwa mmesimama pale...”

“Yangu,” alisema Cheche.

Kinanda alikuwa amekwisha vuta pumzi ya kumalizia. Ilibaki kifuani mwake.

“Mpiga Mbiu anatoa yake,” alisema Cheche. “Sauti nzima, na baragumu juu. Achukue.”

“Cheche,” mfamasia alisema taratibu, “hajamaliza kusema.”

Cheche hakumjibu. Alikunja kidole, akagonga meza mwenyewe.

Mkono wa Kinanda ulikuwa umeinuka juu ya shuka, umebaki hewani. Nilikuwa mgeni, lakini hata mimi niliona kwamba kitu fulani kimeruka njia yake. Alimtazama Cheche jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyesimama ukingoni mwa paa. Angeweza kusema “hapana”. Lakini alikuwa amembebesha mama mkwe kwa sheria ile, alikuwa amewafunga wote jela kwa sheria ile, mwaka mzima wa michezo, kwa sababu ya neno moja la pupa. Bila sheria, nchi yote ile ilikuwa shuka lililochafuliwa kwa wino. Mkono ukashuka.

Akamalizia, kwa sauti ndogo ambayo sasa ilikuwa karibu pumzi tupu. Kigoda kilipokea. Mpiga Mbiu alishika koo, akafungua kinywa, na kinywani hamkuwa na kitu. Nje, kuni zikalia motoni. Nyuki wakasikika. Mto ukasikika. Mbali sana, upande wa doa, jogoo mmoja aliwika.

“Basi,” alisema Kinanda.

Hakuna aliyeshangilia. Mfamasia alikuwa analia bila kujifuta. Cheche alikusanya dadu zake mfukoni, akatabasamu midomo imefungwa, akatupungia mkono, akatoka mvuani. Mlangoni kaka mtu alimwambia, “Kesho usichelewe, bwana mdomo,” na Cheche akaitikia kwa kichwa. Tulidhani ni mzaha.

Asubuhi alikuwa stesheni kabla yetu. Alimbebea Kinanda sanduku. Mfamasia, ambaye karakana ya Cheche iko jirani na duka lake, alinivuta kando.

“Hajasema neno tangu jana. Mke wake kaja kwangu alfajiri kuomba dawa, anadhani kapooza. Nimemmulika koo kwa tochi. Koo ni zima kabisa. Nilipomuuliza, alichukua nyundo akagonga fuawe. Unajua anachofanya?”

Nilijua. Kwenye meza ile mtu hawezi kutoa sauti kisha akaendelea kuitumia. Na Cheche alikuwa ameipanua meza hadi nje ya nyumba. Alikuwa ametoa yake ili ichukuliwe hiyo, sio ya Kinanda.

Kinanda alikaa kwenye benchi, kengele ya chuma mapajani. Aliniashiria niiname.

“Ilikuwa wapige kelele tu,” alinong'ona. Ilinibidi niweke sikio karibu na kitambaa chake. “Wote kwa pamoja. Anaomba sauti moja, na wao wanampa zote kwa mkupuo, anapasuka. Sentensi moja ilikuwa imebaki. Niliiweka tangu siku niliyochora lile doa. Nilitaka niondoke masikio yakinivuma kwa makelele yao.”

“Mwambie.”

“Nimemwambia. Hasikii.”

Akainuka, akamwendea Cheche, akamshika ukosi kwa mikono miwili. Walikuwa na urefu mmoja. Kaka yake alisimama nyuma na tikiti.

“Cheche,” alisema, na hapo hakunong'ona. Alitumia sauti, ile ya kokoto, yote iliyosalia. “Mchezo ni wangu. Nimelifuta neno lako. Limesemwa, nalifuta. Niite jina langu. Moja tu.”

Macho yasiyo na kope yalimjaa machozi. Midomo yake ilitetemeka, nikadhani anasema. Badala yake aliutoa mkono mmoja wa Kinanda kwenye ukosi, akaugeuza kiganja juu, akagonga pale katikati kwa kifundo cha kidole.

“Mpumbavu wewe,” alisema mfamasia. “Anataka kukusikia. Hataki kingine. Heri ujikwae dole, kila siku nakwambia, heri ujikwae dole kuliko ulimi.”

Cheche akatikisa kichwa. Hakuwa anakataa kwa kiburi. Alikuwa na uso wa mtu anayebeba chungu kilichojaa hadi ukingoni, anayeamini kwamba akiguna tu, kitamwagika chote.

Kaka mtu alimshika dada yake kiwiko. “Twende, tutachelewa.” Walipanda. Tulimwona akikaa dirishani na kuweka kengele kwenye kizingiti cha kioo. Alifungua kinywa kutuambia kitu, akajaribu tena, kisha akaweka vidole kooni na kumgeukia kaka yake, na kwa jinsi kaka mtu alivyomvutia kifuani tulielewa kwamba sauti ile ya kumwomba Cheche ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Hapo vipaza sauti vikakohoa juu yetu.

“Treni... iliyopo... jukwaa la kwanza... inaondoka,” alisema yule msichana, nyororo, shwari, kama mtu aliyekushika mkono. “Abiria... tunawatakia... safari njema.”

Behewa likatikisika. Nyuma ya kioo Kinanda aliinua uso kuelekea vipaza sauti, akajisikiliza, na sikuweza kusoma uso wake. Treni ikamchukua taratibu, ikapinda kwenye maghala, ikaisha.

Tulibaki watatu kwenye jukwaa tupu, na shuka lilikuwa bado limetandikwa kule nyumbani, na mimi ndiye niliyeachiwa funguo.

“Haya, keshakwenda,” mfamasia alimwambia Cheche. “Hakuoni tena. Sema sasa.”

Cheche alikuwa bado ametazama juu. Mashine ilikuwa imeanza tangazo jingine, la treni yangu, ile ambayo haikuwa na daraja la kupitia. Ilitaja saa yake na jukwaa lake kana kwamba inakuja. Aliweka kidole mdomoni, akatuashiria tunyamaze, ili sauti imalize.